Kuunda na kuandika kampaundi za ioni, hasa pale ioni inapokuwa na atomu nyingi

Mtu akiulizwa fomula ya kalsiamu naitreti, akaandika CaNO₃ na kuona amemaliza, tatizo lake si kalsiamu. Kalsiamu anaijua vizuri. Kilichompita ni kwamba NO₃ ni kundi moja lenye chaji moja hasi, na kalsiamu yenye chaji mbili chanya haitulizwi na kundi moja tu. Makosa mengi ya fomula yana asili hiyo: watu hukariri herufi wakaacha chaji.

Kanuni ni moja, nayo haina ubaguzi: katika kampaundi yoyote ya ioni (atomu au makundi ya atomu yenye chaji), jumla ya chaji chanya na hasi ni sifuri. Kazi iliyobaki ni kujua kila chaji inatoka wapi, ni atomu zipi zinazotembea pamoja kama kitu kimoja, na jinsi ya kuyaandika hayo bila kuyavuruga. Weka jedwali la elementi mbele yako. Kwa kazi ya maabara iliyo mbele zaidi, utahitaji pia mizani inayosoma hadi 0.01 g.

Hatua ya 1: Jua nani anatoa elektroni na nani anapokea

Metali hutoa elektroni zikawa ioni chanya, yaani kationi. Simetali hupokea zikawa ioni hasi, yaani anioni. Kwa makundi makuu ya jedwali, chaji husomeka moja kwa moja:

- Kundi la 1 (Li, Na, K): 1+
- Kundi la 2 (Mg, Ca, Ba): 2+
- Alumini: 3+
- Naitrojeni na fosforasi, zinapokutana na metali: 3−
- Oksijeni na salfa: 2−
- Florini, klorini, bromini, iodini: 1−

Fedha (Ag⁺) na zinki (Zn²⁺) zishike kichwani, maana zina chaji moja ya kawaida ingawa ziko katikati ya jedwali. Chuma, shaba, manganisi na risasi hubadilika chaji, na dawa yake iko hatua ya 3.

Kwa nini sodiamu inaishia kwenye elektroni moja? Atomu yake ina elektroni 11, zilizopangwa 2, 8, 1. Kuing'oa ile moja ya mzingo wa nje hugharimu kilojuli 496 kwa moli (kipimo cha kemia cha idadi ya chembe). Ukitaka kuing'oa ya pili, unaingia mzingo wa ndani ulio karibu zaidi na kiini, na gharama inaruka hadi kilojuli 4,562. Magnesiamu (2, 8, 2) inaonyesha jambo hilo hilo: elektroni ya kwanza 738, ya pili 1,451, ya tatu 7,733. Tazama mruko unatokea wapi, utaijua chaji ya metali bila kuambiwa.

Atomu ikishakuwa ioni, hata ukubwa wake hubadilika sana. Nusukipenyo cha atomu ya sodiamu ni takriban pikomita 186; ioni ya Na⁺ ni kama 102 tu, kwa sababu mzingo mzima umeondoka. Klorini huenda kinyume: kutoka takriban 99 hadi 181, kwa kuwa elektroni zimeongezeka na zinasukumana ilhali protoni ni zile zile 17. Kwa hiyo michoro inayoonyesha Na⁺ kubwa na Cl⁻ ndogo imegeuza mambo.

Hatua ya 2: Fuatilia nishati, usiishie kwenye "elektroni nane"

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba sodiamu "inataka" kutoa na klorini "inataka" kupokea ili kila moja ifikishe elektroni nane kama gesi bwete. Kama kikumbusho yanasaidia. Kama sababu, ni ya uongo. Elektroni haiondoki sodiamu kwa hiari, lazima ilipiwe. Fungua daftari la mapato na matumizi kwa moli moja ya NaCl inayoundwa kutoka metali ya sodiamu na gesi ya klorini:

- Kuigeuza sodiamu ngumu kuwa atomu za gesi: gharama 107 kJ
- Kuivunja nusu moli ya Cl₂ kuwa atomu: gharama 121 kJ
- Kung'oa elektroni moja ya kila sodiamu: gharama 496 kJ
- Klorini kupokea elektroni: mapato 349 kJ
- Ioni za gesi kukusanyika kuwa fuwele: mapato 787 kJ

Ukiangalia mistari minne ya kwanza pekee, uko kwenye hasara ya kilojuli 375. Maana yake kuhamisha elektroni peke yake hakulipi. Kinacholipa ni mstari wa mwisho, yaani mvutano wa ioni zikishajipanga, na salio linakuwa faida ya takriban kilojuli 412. Kipimo cha moja kwa moja cha joto la mmenyuko huo ni 411. Kwa hiyo bondi ya ioni si lile tendo la kupeana elektroni. Bondi ni mvutano wa umeme kati ya ioni zote zilizomo kwenye fuwele.

Neno "zote" lina uzito wake. Mwaka 1913 William Lawrence Bragg alitumia eksirei kuonyesha mpangilio wa ndani wa chumvi ya kawaida, na hakukuwa na jozi za Na na Cl zilizojitenga. Kila Na⁺ imezungukwa na Cl⁻ sita, na kila Cl⁻ imezungukwa na Na⁺ sita, umbali wa pikomita 282 kutoka kitovu cha moja hadi cha nyingine, kuelekea pande zote. Ndiyo maana "molekuli ya NaCl" ni usemi wa kuepuka unapozungumzia chumvi ngumu. Fomula inataja uwiano tu: Na moja kwa Cl moja.

Mvutano huongezeka chaji zikiwa kubwa na ioni zikiwa ndogo. Katika MgO kila upande una chaji mbili, na ioni zimekaribiana zaidi. Nishati ya fuwele yake ni karibu kilojuli 3,800 kwa moli, na inayeyuka juu ya nyuzi 2,800 za Selsiasi. NaCl inayeyuka kwa 801. Ukiulizwa kati ya kampaundi mbili ipi inayeyuka kwa joto kubwa zaidi, anza na chaji, kisha ndipo uangalie ukubwa.

Hatua ya 3: Sawazisha chaji kwa KDS

Njia ya shuleni ni kubadilishana namba: chaji ya huyu inakuwa namba ndogo ya yule. Ni ya haraka lakini ina mtego. Ukiifuata kwa Mg²⁺ na O²⁻ unapata Mg₂O₂, ambayo si fomula ya magnesiamu oksaidi. Njia isiyoteleza ni Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS).

Chukua alumini na oksijeni. Chaji ni 3 na 2. KDS ni 6. Ili kufikisha 6+, unahitaji Al³⁺ mbili. Ili kufikisha 6−, unahitaji O²⁻ tatu. Fomula: Al₂O₃. Hakiki: 2 × (3+) na 3 × (2−) ni sifuri. Kwa Mg²⁺ na O²⁻, KDS ni 2, moja kwa moja, MgO. Kwa Mg²⁺ na N³⁻, KDS ni 6, Mg₃N₂. Hiyo ya mwisho hukutwa na kila anayechoma magnesiamu hewani: sehemu ya metali hushika naitrojeni badala ya oksijeni, na uzito wa jivu unatoka pungufu kuliko hesabu ya MgO tupu.

Metali zinazobadilika chaji huandikwa kwa namba ya Kirumi kwenye jina. Chuma(II) kloraidi ni FeCl₂, chuma(III) kloraidi ni FeCl₃. Namba hiyo ni chaji ya ioni moja ya chuma, si idadi ya atomu za chuma. Hapo wengi hujikwaa: shaba(I) oksaidi ni Cu₂O, na shaba(II) oksaidi ni CuO, kwa hiyo penye namba ya Kirumi ndogo ndipo penye shaba nyingi.

Ukipewa fomula na kutakiwa kutoa jina, rudi nyuma kutoka kwenye anioni. Fe₂O₃: oksijeni tatu zina jumla ya 6−, chuma mbili zinagawana 6+, kila moja 3+. Ukifanya hivyo kwa Fe₃O₄ utapata 8 gawanya kwa 3, ambayo si namba kamili. Usidhani umekosea hesabu. Fe₃O₄ ina aina mbili za ioni ndani ya fuwele moja: Fe²⁺ moja kwa kila Fe³⁺ mbili. Jumla 2 + 6 = 8, na O²⁻ nne ni 8−.

Hatua ya 4: Elewa ioni za atomu nyingi kutoka ndani

Hapa ndipo penye kazi. Ioni ya atomu nyingi, ambayo vitabu vingine huiita radikali, ni kundi la atomu zilizoshikana kwa bondi za kovalenti, yaani kwa kushirikiana elektroni, halafu kundi zima likawa na elektroni zaidi au pungufu kuliko protoni zake. Ndani ni kovalenti, nje ni ioni. Kampaundi kama sodiamu salfeti ina aina zote mbili za bondi kwa wakati mmoja.

Zile utakazozihitaji karibu kila siku:

- 1+: amoniamu NH₄⁺
- 1−: haidroksaidi OH⁻, naitreti NO₃⁻, naitraiti NO₂⁻, haidrojeni kaboneti HCO₃⁻, aseteti CH₃COO⁻, pamanganeti MnO₄⁻
- 2−: kaboneti CO₃²⁻, salfeti SO₄²⁻, salfaiti SO₃²⁻, krometi CrO₄²⁻, daikrometi Cr₂O₇²⁻
- 3−: fosfeti PO₄³⁻

Usizikariri kama orodha ya simu. Kuna njia tatu za kupunguza mzigo.

Kwanza, mwisho wa jina. Jina linaloishia na -eti lina oksijeni nyingi kuliko mwenzake wa -aiti, na chaji inabaki ile ile. Salfeti ni SO₄²⁻, salfaiti ni SO₃²⁻. Na mwisho wa -aidi kwa kawaida unaonyesha elementi peke yake bila oksijeni. Haidroksaidi ni mmoja wa wachache wanaotoka nje ya utaratibu huu. Kwa hiyo Na₂S ni sodiamu salfaidi, Na₂SO₃ ni salfaiti, Na₂SO₄ ni salfeti. Ni herufi moja au mbili tu za tofauti kwenye lebo ya chupa, ila salfaidi ikikutana na asidi hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu. Soma lebo mpaka herufi ya mwisho.

Pili, kuongeza H⁺. Kila H⁺ inayoshikamana na ioni hasi hupunguza chaji kwa moja. PO₄³⁻ inakuwa HPO₄²⁻, kisha H₂PO₄⁻. CO₃²⁻ inakuwa HCO₃⁻. Ukijua mzazi, watoto unawapata mwenyewe.

Tatu, kuhesabu elektroni, ambayo ndiyo inayokuonyesha kwamba chaji haikushuka tu kutoka juu. Fuata mfano wa salfeti:

1. Hesabu elektroni za mzingo wa nje: salfa 6, oksijeni nne 6 × 4 = 24. Jumla 30.
2. Ongeza moja kwa kila chaji hasi: 30 + 2 = 32. Kwa ioni chanya ungepunguza.
3. Weka salfa katikati, uiunganishe na kila oksijeni kwa jozi moja. Jozi nne ni elektroni 8, zinabaki 24.
4. Gawa 24 kwa oksijeni, sita kila moja. Kila oksijeni imefikisha nane, salfa nayo ina nane, hesabu imeisha.

Bila zile elektroni mbili za nyongeza, mahesabu yangegoma kwenye mstari wa mwisho. Hizo mbili zilitoka kwa metali, au kwa haidrojeni iliyoondoka kama H⁺ na kuacha elektroni yake nyuma.

Amoniamu ni kinyume: naitrojeni 5, haidrojeni nne 4, jumla 9, ondoa 1 kwa chaji chanya, zinabaki 8, ambazo ni jozi nne kamili. Inaundwa pale amonia, NH₃, inapotoa jozi yake ya elektroni isiyotumika kwa H⁺. Bondi hiyo ya nne ikishaundwa, huwezi kuitofautisha na zile tatu za mwanzo. Zote nne ni sawa kwa urefu na nguvu.

Naitreti inahitaji utulivu kidogo. Elektroni ni 5 + 18 + 1 = 24. Ukigawa kama ulivyofanya kwa salfeti, naitrojeni inabaki na sita. Inabidi oksijeni moja ichange jozi nyingine na kuunda bondi mbili. Oksijeni ipi? Karatasini unachagua yoyote, na unapata michoro mitatu. Kwenye ioni yenyewe hakuna iliyochaguliwa: bondi zote tatu za N–O zina urefu mmoja, takriban pikomita 124, na chaji hasi imetandazwa juu ya oksijeni zote tatu. Michoro mitatu ni udhaifu wa penseli yetu. Ioni haiyumbi kutoka mmoja hadi mwingine. Kaboneti, yenye elektroni 24 vilevile, ina tabia hiyo hiyo. Zote mbili ni bapa, pembe 120°. Salfeti, fosfeti na amoniamu zina umbo la piramidi ya nyuso nne, pembe 109.5°.

Kutokana na hilo, usiandike chaji ya naitreti juu ya oksijeni moja kwenye fomula, wala juu ya N. Weka mabano ya mraba kuzunguka mchoro mzima na chaji nje yake. Chaji ni ya kundi.

Hatua ya 5: Andika fomula yenye kundi ndani

Utaratibu ni ule ule wa KDS, ila kundi linahesabiwa kama kitu kimoja. Kalsiamu 2+, naitreti 1−: naitreti mbili, Ca(NO₃)₂. Alumini 3+, salfeti 2−: KDS 6, Al₂(SO₄)₃. Kalsiamu na fosfeti: KDS 6, Ca₃(PO₄)₂. Amoniamu na salfeti: (NH₄)₂SO₄.

Mabano yanakuja pale tu kundi linapozidi moja. NaOH haina mabano, Mg(OH)₂ inayo. Ukiyaacha ukaandika MgOH₂, umesema oksijeni moja na haidrojeni mbili, yaani umeipoteza oksijeni moja njiani. Mbaya zaidi ni CaNO₃₂, inayosomeka kama oksijeni thelathini na mbili.

Namba iliyo nje ya mabano huzidisha kila kilichomo ndani. Al₂(SO₄)₃ ina Al 2, S 3, O 12. Uzito wa moli: 2 × 26.98 + 3 × 96.06 = gramu 342.1. Anayesahau kuzidisha oksijeni hupata uzito mdogo mno, na makosa yake humfuata mpaka kwenye mizani.

Makosa mengine ya hatua hii ni ya kurahisisha mahali pasipotakiwa. Unarahisisha uwiano wa ioni, hugusi namba za ndani ya ioni. NH₄NO₃ haiandikwi N₂H₄O₃ ingawa atomu ni zile zile: naitrojeni moja iko kwenye kationi na nyingine kwenye anioni, na maandishi lazima yaonyeshe hivyo. (Kampaundi hiyo ni ya ioni ingawa haina metali hata moja, kanuni ya "metali na simetali" haijui habari za amoniamu.) Na₂O₂ haigeuki NaO, kwa sababu anioni yake ni peroksaidi, O₂²⁻, oksijeni mbili zilizoungana. Vivyo hivyo Hg₂Cl₂ inabaki ilivyo, maana zebaki(I) hutembea wawili wawili, Hg₂²⁺.

Hatua ya 6: Hakikisha ni ya ioni kweli

Kuwapo kwa metali si uthibitisho. Alumini floraidi ni ya ioni na haiyeyuki hata kwa nyuzi 1,000. Alumini kloraidi, jirani yake kabisa, hugeuka mvuke kwenye nyuzi kama 180, na mvuke huo ni wa molekuli za Al₂Cl₆. Ioni ndogo ya Al³⁺ yenye chaji tatu huvuta wingu la elektroni za Cl⁻ mpaka zinakuwa za kushirikiana. F⁻ ni ndogo na wingu lake haliburutiki kirahisi. Tofauti ya uvutaji elektroni inatoa dokezo: Na na Cl 2.23, Al na F 2.37, Al na Cl 1.55. Lakini dokezo si hukumu, na ule mpaka wa 1.7, unaotajwa sana kwamba juu yake kampaundi ni ya ioni, usiutegemee kama sheria.

Kipimo cha vitendo ni umeme, kwa saketi yenye taa. Kampaundi ya ioni ikiwa ngumu haipitishi, kwa kuwa ioni zimefungwa mahali pake. Ikiyeyushwa kwa joto, au ikimumunywa majini, inapitisha. Kipimo cha maji peke yake hudanganya: gesi ya haidrojeni kloraidi ni ya kovalenti, ila ikiingia majini hutoa ioni na taa inawaka. Na kampaundi kama bariamu salfeti ni ya ioni kabisa lakini haimumunyiki vya kutosha kuwasha taa. Kipimo cha kuamini ni kile cha hali ya kuyeyushwa.

Hatua ya 7: Tengeneza moja kwa vipimo

Kalsiamu kaboneti inafaa kwa mazoezi kwa sababu hesabu zake ni nadhifu, na inaonyesha wazi kwamba kundi la kaboneti huhama likiwa zima. Vaa miwani ya kinga.

1. Pima gramu 1.11 za kalsiamu kloraidi kavu, CaCl₂ (moli 0.01). Kama chupa imeandikwa CaCl₂·2H₂O, pima 1.47. Imimine ndani ya ml 50 za maji yaliyokenekwa na ukoroge. Maji yatapata joto, yaache yapoe.
2. Pima gramu 1.06 za sodiamu kaboneti kavu, Na₂CO₃ (moli 0.01). Kama ni ile ya fuwele zenye maji, Na₂CO₃·10H₂O, pima 2.86. Imumunye katika ml 50 nyingine.
3. Mimina mmumunyo wa pili ndani ya wa kwanza, polepole, ukikoroga. Mashapo meupe yatatokea papo hapo.
4. Pasha moto kwa dakika kumi hivi bila kuchemsha, kisha uache yatulie. Mashapo mapya ni laini mno na hupenya karatasi ya chujio. Joto huzifanya chembe zikue.
5. Pima karatasi ya chujio ikiwa kavu, andika uzito, kisha chuja.
6. Osha mashapo mara tatu kwa ml 10 za maji yaliyokenekwa.
7. Kausha kwa nyuzi 105, pima, rudisha, pima tena, mpaka uzito usibadilike.

Kilichotokea ni hiki tu: Ca²⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃. Sodiamu na kloraidi zimebaki majini zikitazama. Bondi za kaboni na oksijeni hazikuguswa hata moja. Tarajio ni gramu 1.00, kinachobaki majini kwa kumumunyika ni miligramu moja au mbili, hakihesabiki.

Namba utakayopata inakuambia ulikosea wapi. Ikizidi 1.00, mashapo hayajakauka au yana chumvi ndani. Chukua ml 1 ya maji ya mwisho ya kuoshea, weka matone ya asidi ya naitriki iliyozimuliwa, kisha tone la fedha naitreti: ukungu mweupe maana yake kloraidi bado ipo, osha tena. Ukipata karibu 0.76, ulipima gramu 1.11 za kloraidi yenye maji ukidhani ni kavu. Karibu 0.37, kosa hilo liko upande wa kaboneti. Ukiona viputo wakati wa kuchanganya, na mavuno yasiyozidi 0.63, umechukua NaHCO₃ badala ya Na₂CO₃: haidrojeni kaboneti mbili hutumika kwa kila kalsiamu moja, na nusu ya kaboni huondoka kama CO₂. Upungufu mdogo, tuseme 0.95, mara nyingi ni kalsiamu kloraidi iliyokaa wazi. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa hata ikiwa juu ya mizani, kwa hiyo pima haraka na ufunge chupa.

Hatua ya 8: Tambua ioni iliyomo

Kaboneti: dondosha asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Hapo ndipo kundi lenyewe linavunjika, CO₃²⁻ + 2H⁺ → CO₂ + H₂O, na gesi hiyo hufanya maji ya chokaa yawe meupe kama maziwa. Amoniamu: ongeza sodiamu haidroksaidi, pasha kidogo, weka litimasi nyekundu iliyoloweshwa juu ya mdomo wa neli, ikigeuka bluu, amonia imetoka. Karatasi isiguse ukuta wa neli, maana alkali iliyorukia pale itaigeuza bure. Chuma: kwa sodiamu haidroksaidi, Fe²⁺ hutoa mashapo ya kijani, Fe³⁺ ya kahawia. Ya kijani yakikaa hewani huanza kuwa ya kahawia juu, kwa hiyo andika rangi mara unapoiona.

Salfeti ndiyo inayowaponza wengi. Kipimo ni bariamu kloraidi na mashapo meupe ya BaSO₄, ila bariamu kaboneti na bariamu salfaiti nazo ni nyeupe. Ndiyo sababu ya kuanza na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa: kaboneti na salfaiti haziwezi kushuka ndani yake, salfeti inashuka. Usitumie asidi ya salfuriki kutia asidi hapo, utakuwa umeweka mwenyewe kile unachokitafuta. Kwa sababu hiyo hiyo, unapotafuta kloraidi kwa fedha naitreti, asidi ni ya naitriki, kamwe si ya haidrokloriki. Chumvi za bariamu zinazomumunyika ni sumu: nawa mikono, na mabaki yatie kwenye chombo cha taka za kemikali.